Buluu Hufungua Mlango, Nyekundu Hupika: Kwa Nini Mchicha wa Dirishani Hudumaa Brussels

Ikifika Novemba, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Brussels hujaa picha za mchicha. Shina jembamba kama uzi limelalia kioo cha dirisha. Majani ni madogo na yamepauka. Mwingine umeshatoa maua kabla mwenyewe hajapata mboga ya sahani moja. Mbegu ni ile ile iliyoota vizuri Morogoro au Bukavu, udongo umenunuliwa dukani, chumba kina joto, maji hayakosekani. Watu huanza kushauriana: ongeza mbolea, badilisha chungu, mwagilia zaidi. Mwishowe mtu hutuma tangazo la taa ya zambarau inayodaiwa kulisha mimea kama jua, na wote huuliza kama inafaa kuinunua.

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, labda kwa sababu mchicha wangu hapa Uccle, au Ukkel kama wanavyoiita wanaosema Kiholanzi, hunipa mboga hata Januari. Mimi ni muuguzi, sikusomea kilimo. Lakini jani lina seli, chumvi, maji na pampu, mambo yale yale ninayoyashughulikia wodini, na ukiyaelewa hayo utajua taa ipi ya kununua na ipi ya kuiacha dukani. Utajua pia kwa nini ushauri wa "mwagilia zaidi" ndio unaoua mimea mingi ya majira ya baridi.

Giza letu kwa hesabu

Hapa Uccle ndipo ilipo Taasisi ya Kifalme ya Hali ya Hewa ya Ubelgiji, na kituo chake ndicho kinachotumika kama kipimo cha nchi nzima. Kwa wastani, jua huonekana waziwazi kwa saa zipatazo 50 tu katika mwezi mzima wa Desemba. Julai ni saa zipatazo 200. Tarehe 21 Desemba mchana una urefu wa saa 8 hivi, na hata jua linapofika juu kabisa, huwa nyuzi 16 tu kutoka upeo wa macho. Nishati ya jua inayoifikia mita moja ya mraba kwa siku wakati huo ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya Juni. Hapo bado hujaondoa inayozuiwa na kioo, pazia na jengo la jirani.

Sisi hatuoni upungufu huo kwa sababu jicho linatudanganya. Jua kali la mchana huko nyumbani hufikia lux 100,000. Sebuleni jioni, taa ikiwaka, ni lux 100 hadi 300, na bado tunasoma gazeti bila shida. Mboni ya jicho hupanuka na ubongo hurekebisha. Jani halina mboni. Linapokea kile kilichopo, na kwa mchicha kilichopo sebuleni ni njaa tupu.

Daktari wa Brussels na mti wake

Njaa ya nini, hasa? Mtu wa kwanza kulipima swali hili kwa mizani alikuwa mwenyeji wa mji huu. Jan Baptist van Helmont alikuwa daktari, mzaliwa wa Brussels, aliyefariki mwaka 1644. Sanamu yake imesimama katika uwanja wa Nieuwe Graanmarkt katikati ya mji, na wengi wetu tumeshapita pale bila kujua ni nani.

Van Helmont alikausha udongo, akapima ratili 200, akautia chunguni na kupanda mche wa mwerebi wenye uzito wa ratili 5. Kwa miaka 5 aliumwagilia maji tu. Mwisho akaupima tena: mti umefikia ratili 169 na zaidi, na udongo umepungua wakia 2 hivi. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji.

Alikosea, na jibu alikuwa amelikaribia mno. Van Helmont ndiye aliyebuni neno "gesi", na miongoni mwa gesi alizozieleza ni ile itokayo kwenye mkaa unaoungua, ambayo sisi tunaiita hewa ya ukaa. Hiyo ndiyo iliyoujenga mti wake. Mwaka 1779 daktari mwingine, Jan Ingenhousz, mzaliwa wa Breda aliyejulikana kwa kuichanja dhidi ya ndui familia ya kifalme ya Austria, alitangaza kwamba mimea husafisha hewa ikiwa kwenye mwanga tu, na kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani tu. Wengine wakaendeleza kutoka hapo.

Leo tunaiita kazi hiyo usanisinuru. Jani huchukua hewa ya ukaa na maji, na kwa nguvu ya mwanga hutengeneza sukari. Oksijeni hutoka kama masazo. Hewa huingia kupitia vitundu vidogo sana vilivyo kwenye ngozi ya jani, ambavyo wataalamu huviita stomata. Katika mimea mingi hukaa zaidi upande wa chini wa jani, na milimita moja ya mraba huwa navyo mia moja, mia mbili au zaidi. Kila kitundu kina walinzi wawili, seli mbili zenye umbo la maharage zilizotazamana. Zikijaa maji hupinda na kuachana, kitundu kikafunguka. Zikilegea, hukutana na kukifunga.

Hapo ndipo penye mgogoro wa maisha yote ya mmea. Mlango ule ule unaoingiza hewa ya ukaa ndio unaotoa maji. Kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayoingia, mimea mingi hupoteza molekuli mia kadhaa za maji. Kwa hiyo jani halifungui mlango ovyo. Husubiri ishara kwamba mwanga wa kupikia upo, na ishara hiyo huisoma kwa rangi.

Kila molekuli na rangi yake

Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu tofauti. Urefu huo hupimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Buluu iko kati ya 400 na 500, kijani kati ya 500 na 600, nyekundu kati ya 600 na 700. Baada ya 700 huja nyekundu ya mbali, ambayo macho yetu karibu hayaioni lakini mimea huitambua vizuri.

Kwamba rangi moja hufanya kazi ambayo nyingine haiwezi, wazazi wengi wameshaliona hospitalini. Mtoto mchanga mwenye manjano hulazwa chini ya taa za buluu. Bilirubini, ile taka ya manjano kwenye damu, humeza zaidi mwanga wa nanometa 460 hivi, hubadilika umbo, na mwili ukaweza kuitoa. Taa nyekundu isingemsaidia. Aliyeanzisha njia hiyo ni muuguzi, Sista Jean Ward wa hospitali ya Rochford huko Uingereza. Mwaka 1956 aliwaonyesha madaktari kwamba watoto njiti aliowatoa nje kuota jua walipungua manjano mahali palipopigwa na mwanga.

Kwenye jani, mmezaji mkuu ni klorofili. Hupenda buluu na nyekundu, na hurudisha sehemu ya kijani, ndiyo maana tunaona majani ni ya kijani. Mwaka 1882 Mjerumani Theodor Engelmann aliutawanya mwanga kwa mche wa kioo juu ya uzi wa mwani, akaweka bakteria wanaofuata oksijeni. Bakteria walijikusanya kwenye buluu na kwenye nyekundu. Palipokuwa na bakteria wengi ndipo mwani ulipokuwa ukitoa oksijeni nyingi.

Jaribio hilo ni zuri, lakini limezaa imani potofu kwamba kijani haina kazi. Mwaka 1972 Keith McCree wa Texas alipima majani ya mazao mengi, rangi baada ya rangi. Nyekundu iliongoza, buluu ikafuata, na kijani nayo ilifanya kazi nzuri. Jani zima humeza sehemu kubwa ya kijani inayolifikia. Isitoshe, kijani hupenya ndani zaidi na kuzilisha seli za chini ambazo nyekundu na buluu haziwafikii, kwa kuwa zimeshamezwa juu.

Buluu inavyofungua

Sasa turudi kwa walinzi wawili. Ndani yao mna protini ziitwazo fototropini, ambazo ni pua ya kunusa buluu. Watafiti wa Japani, Toshinori Kinoshita na Ken-ichiro Shimazaki pamoja na wenzao, walionyesha mwaka 2001 kwamba mmea uliokosa fototropini zote mbili hauitikii buluu kwa kufungua vitundu.

Buluu ikigusa fototropini, ujumbe hupita hadi kwenye pampu zilizo ukutani mwa seli. Pampu hizo husukuma protoni nje. Mnaomeza omeprazoli kwa ajili ya asidi ya tumbo mmeshakutana na binamu yake: dawa hiyo huzuia pampu ya protoni ya tumboni, ambayo ni ya ukoo mmoja na hii ya jani. Protoni zikitoka, ndani ya seli hubaki na chaji hasi, na ioni za potasiamu, zenye chaji chanya, huvutwa ndani. Maji hufuata potasiamu. Mlinzi huvimba, mlango hufunguka.

Nilipojifunza hili nilifikiria majibu ya maabara tunayoyasubiri kila asubuhi. Potasiamu ya damu ya mtu inatakiwa kuwa kati ya 3.5 na 5 hivi, na ikitoka nje ya hapo moyo unaweza kukosea mapigo. Chumvi hiyo hiyo ndiyo inayofungua na kufunga mamilioni ya milango kwenye kila jani la mchicha.

Buluu inayohitajika kwa kazi hii ni kidogo, ndiyo sababu vitundu huanza kufunguka alfajiri, jua halijawa kali. Nyekundu nayo hufungua, lakini kwa njia nyingine na inahitaji kuwa nyingi. Nyekundu ikiwa kali, usanisinuru huenda kasi, hewa ya ukaa iliyo ndani ya jani hupungua, na walinzi huhisi upungufu huo wakafungua. Kwa maneno ya nyumbani, nyekundu huwasha jiko, na jiko likiishiwa unga mlango hufunguliwa ili mwingine uletwe. Ukiongeza buluu kidogo tu juu ya nyekundu kali, vitundu hufunguka zaidi ya vile ambavyo nyekundu peke yake ingeweza. Kijani nayo ina neno lake: majaribio yameonyesha kwamba mmweko wa kijani baada ya buluu unaweza kuurudisha nyuma mwitikio wa buluu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka Wageningen, Uholanzi, mwaka 2010. Sander Hogewoning na wenzake walikuza matango chini ya michanganyiko mbalimbali ya nyekundu na buluu. Waliyoyapa nyekundu peke yake, usanisinuru wa majani uliharibika na vitundu havikuitikia ipasavyo. Asilimia 7 tu ya buluu ilitosha kuondoa ulemavu huo, na uwezo wa jani kupika uliendelea kupanda kadiri buluu ilivyoongezwa hadi nusu kwa nusu. Buluu pia huzuia shina kurefuka hovyo. Mche wenye shina refu kama uzi umekosa mwanga kwa jumla, na buluu hasa.

Taa ipi sasa?

Ile ya zambarau ni nyekundu na buluu zilizochanganywa. Inafanya kazi, na ndiyo sababu nyumba za vioo za Ubelgiji na Uholanzi wakati mwingine hung'aa waridi usiku. Kwa mkulima mwenye ekari za nyanya, kila wati ina hesabu yake. Kwa sebule ya Uccle haina faida ya kuizidi taa nyeupe ya LED. Taa nyeupe ya LED ni taa ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa kijani, manjano na nyekundu, kwa hiyo rangi zote zinazohitajika zimo. Kwenye boksi tafuta 4000K hadi 6500K. Zile za 2700K zina buluu kidogo zaidi. Chini ya taa nyeupe utaliona jani likianza kuwa manjano, jambo ambalo zambarau hulificha. Na jirani hatapata sababu ya kujiuliza unalima nini humo ndani.

Kinachoshinda rangi ni wingi. Taa bora ya wati 30 iliyowekwa sentimita 20 hadi 30 juu ya sinia la nusu mita kwa nusu mita, ikiwaka saa 14 kwa siku, huupa mchicha mwanga mwingi kuliko utakaoupata dirishani Desemba nzima. Umeme wake ni kWh 0.42 kwa siku, yaani kWh 12.6 kwa siku 30. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako. Kama ni senti 30, ni chini ya euro 4 kwa mwezi, na mafungu machache ya lengalenga pale Matonge hukaribia kiasi hicho. Saa 14 zina faida nyingine: aina nyingi za mchicha huharakisha maua siku zikiwa fupi, na Desemba yetu ni fupi kweli. Taa ikirefusha siku, mmea huendelea kutoa majani.

Mwanga ukiwa mdogo, vitundu hufunguka kidogo, na mmea hunywa kidogo. Maji unayoendelea kumimina hukaa chunguni, mizizi inakosa hewa na kuoza, majani yananyauka, na wewe unaona kunyauka unaongeza maji. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, subiri.

Na kama muuguzi nisiache hili: taa hiyo isiwake usiku katika chumba anacholala mtoto. Buluu huzuia ubongo kutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Weka saa ya kuizimisha, iwake saa 12 asubuhi na kuzimika saa 2 usiku.

Si kila jani linataka jua la Morogoro

Mchicha ni mgumu kuliko mboga nyingine kwa sababu ya namna unavyopika. Pamoja na mahindi, mtama, uwele, miwa na mgagani, umo katika kundi ambalo wataalamu huliita C4. Mimea hii ina pampu ya kukusanya hewa ya ukaa ndani ya jani kabla ya kuipika, kwa hiyo hupata sukari nyingi bila kufungua mlango sana. Lakini pampu hiyo inakula nishati, nayo hutaka joto na mwanga mkali. Sukuma wiki, spinachi, matembele na kunde ni kundi la C3, lisilo na pampu hiyo. Sukuma wiki huvumilia baridi na mwanga hafifu kuliko mchicha. Asiyetaka kununua taa na apande sukuma wiki kwenye kibaraza Agosti, atavuna hadi baridi ijapo.

Wapo pia waliozaliwa kivulini. Tembea msitu wa Soignes, unaopakana na Uccle, mwezi Julai. Chini ya miti ile mirefu ya mibuchi ni kijanikijani na giza, na ardhini hakuna mimea mingi. Majani ya juu yamemeza buluu na nyekundu, yakaacha kijani na nyekundu ya mbali. Maua meupe ya msituni humo huwahi kuchanua mapema mwaka, kabla majani ya juu hayajafunga dari.

Mwanga wa namna hiyo ndio uliolea ua moja la kwetu linalouzwa kila duka la maua hapa. Kwa Kiholanzi huitwa Kaaps viooltje, kana kwamba limetoka Rasi ya Tumaini Jema. Kwao ni milima ya Usambara, Tanga. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa heshima yake. Limeridhika na madirisha ya Ulaya kwa miaka zaidi ya 100 kwa sababu lilishazoea kuishi chini ya miti. Mwenye dirisha la kaskazini asiyetaka taa, hilo ndilo ua lake.

Mlango huo huo, Dodoma

Nikimpigia simu kaka yangu anayelima karibu na Dodoma, malalamiko yake ni kinyume cha yangu. Jua analo hadi la kumwaga. Mvua ni milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kule jani halikosi ishara ya buluu. Linakosa maji, na mizizi ikihisi ukame, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, ambayo huamuru walinzi waitoe potasiamu na kufunga hata kama buluu inapiga hodi. Saa 6 mchana, kwenye mwanga mwingi kuliko wote, shamba limefunga milango na jiko limezimika. Mchicha wa Uccle na wa Dodoma wote wana njaa, mmoja kwa kukosa moto, mwingine kwa kuogopa kiu.

Ndiyo maana mtama na uwele vimewalisha watu wa Dodoma vizazi na vizazi: vyote ni C4, vinapika na mlango umefunguka kidogo. Kwa spinachi, nyanya na sukuma wiki, jua la saa 6 huzidi kile ambacho jani linaweza kukitumia, hivyo wavu wa kivuli saa za mchana hupunguza kiu bila kupunguza sana mapishi. Matandazo ya nyasi hulinda unyevu, na maji ya alfajiri hulikuta jani likiwa linafungua. Mtama usiwekewe kivuli. Huo unalitaka jua lote.

Watafiti nao wanaufanyia kazi mlango wenyewe. Vitundu ni vizito: wingu likipita, usanisinuru hupungua papo hapo, lakini kitundu huchukua dakika nyingi kufunga, na maji hutoka bure. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitangaza kwamba waliwawekea walinzi wa mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, njia ya ziada ya potasiamu inayofunguliwa na buluu. Vitundu vikawa vyepesi kufungua na kufunga, na chini ya mwanga unaobadilikabadilika mmea ukapata uzito zaidi ya mara 2 bila kuongeza matumizi ya maji. Bado ni kazi ya maabara. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma biolojia Leuven, Ghent au Brussels, akitafuta jambo la kulifanyia utafiti lenye maana kwa shamba la babu yake, asilipite hili.

Kwa vijana: jionee mwenyewe

Vitundu vinaonekana kwa hadubini ya shule. Chukua majani mawili ya mmea mmoja. Moja likae kwenye giza la kabati kwa saa 3, jingine chini ya taa nyeupe kwa muda huo huo, yote yakiwa bado kwenye shina na yamemwagiliwa. Paka upande wa chini vanishi ya kucha isiyo na rangi, tabaka jembamba. Ikikauka, dakika 15 hivi, bandika selotepu, ibandue taratibu, ibandike juu ya kioo cha hadubini. Ngozi ya jani itakuwa imeacha chapa yake. Kuza mara 400, hesabu vitundu 50 na uandike vingapi viko wazi.

Ukitaka kulinganisha buluu na nyekundu, tumia taa za LED za rangi badala ya karatasi za rangi, kwa kuwa karatasi hupitisha rangi nyingine pia. Sogeza taa karibu au mbali hadi nguvu za mwanga zilingane, na mwombe mwalimu akusaidie kupima kwa kifaa kinachohesabu mwanga wa mimea, maana kipimo cha lux kimetengenezwa kwa ajili ya jicho la mtu na hakiwezi kulinganisha buluu na nyekundu kwa haki. Rudia kwa majani yasiyopungua 5 kila upande kabla hujaamini jibu.